UZI: Tiba ya Gestalt haikuanza na kiti kitupu. Ilianza na majeruhi wa vita, Frankfurt

Mnasihi_Kaskazini (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitoa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye nafasi ashushe chai akae.

Mimi ni mnasihi, niko Moshi. Kwenye masomo yetu ya stashahada tiba ya Gestalt ilipewa saa mbili tu. Tukaambiwa mwanzilishi ni Fritz Perls, mbinu yake ni kiti kitupu, msisitizo wake ni "hapa na sasa". Basi, tukahamia mada nyingine. Wiki iliyofuata mkufunzi akaweka kiti katikati ya darasa, akamwita mwenzetu, mama aliyefiwa na mumewe miezi mitano nyuma, akamwambia: "Mumeo amekaa pale. Ongea naye." Sisi ishirini na kitu tumekaa tunatazama. Yule mama alisema maneno machache, yaliyofuata yakamkwama kooni, mikono ikaanza kutetemeka. Mkufunzi akamshukuru, akatuambia "hiyo ndiyo Gestalt", tukatoka kwenda kunywa chai. Mama alirudi kwake peke yake kwa daladala, na wiki nzima hakuonekana darasani.

Tangu siku ile nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu mahali tiba hii ilikotoka. Kiti, wakuu, kiliingia mwishoni kabisa. Msingi ulijengwa na watu wengine, mahali pengine, na ukiujua huwezi kumfanyia mtu kama alivyofanyiwa yule mama.

Tuanze na neno lenyewe. Gestalt ni Kijerumani, maana yake umbo, sura ya kitu kikiwa kizima. Mwaka 1890 Christian von Ehrenfels, mwanafalsafa wa Austria, aliuliza swali rahisi: wimbo ni nini? Chukua wimbo wa kubembeleza mtoto. Bibi anauimba kwa sauti nzito, mama anauimba juu, dada mdogo anauimba juu zaidi. Hakuna noti hata moja iliyobaki ileile, lakini mtoto anaujua kuwa ni ule ule na analala. Kwa hiyo wimbo hauko ndani ya noti moja moja. Uko kwenye namna noti zinavyoshikana.

Miaka ishirini baadaye, 1910, Max Wertheimer yuko kwenye treni akitoka Vienna. Anapata wazo, anateremka Frankfurt, ananunua kichezeo cha watoto cha kuonyesha picha zinazotembea, anaanza kukichunguza kwenye chumba cha hoteli. Alitaka kujua jicho linaonaje mwendo mahali ambapo hakuna kinachotembea, ni picha mbili tu zinazowaka kwa zamu. Watu wake wa majaribio walikuwa Wolfgang Köhler na Kurt Koffka. Andiko lake likatoka 1912, na hapo saikolojia ya Gestalt ikazaliwa. Mpaka hapo hakuna tiba. Ni watu wa maabara, wa macho na masikio.

Kule Berlin, Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa mkondo huo huo, naye alikuwa na wanafunzi wake. Mmoja, Bluma Zeigarnik, alichapisha utafiti mwaka 1927: watu walipewa kazi ndogo ndogo, nyingine wakaachwa wazimalize, nyingine wakakatizwa katikati. Baadaye walipoulizwa walifanya nini, zile zilizokatizwa walizikumbuka karibu mara mbili ya zile zilizokwisha. Muulize mama ntilie yeyote. Aliyelipa keshamsahau, lakini aliyekula wali maharage akasema "nakuja kulipa", huyo anamjua sura, shati, na meza aliyokaa. Hiki kitu kinachobaki wazi ndani ya mtu mpaka kifungwe ndicho baadaye tiba ilikiita jambo lisilokwisha.

Sasa njooni Frankfurt, maana hapa ndipo penyewe.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, daktari Kurt Goldstein alikuwa na taasisi ya kutibu wanajeshi waliojeruhiwa ubongo. Vijana waliorudi na vipande vya chuma kichwani. Akifanya kazi na mwanasaikolojia Adhémar Gelb, aliwaangalia kwa miaka. Mmoja aliingia kwenye vitabu kwa jina la Schneider. Ukimwambia afumbe macho aonyeshe pua yake kwa kidole, anashindwa. Lakini mbu akimuuma, mkono unakwenda pale pale bila kutafuta. Akitaka kupenga kamasi, anatoa kitambaa na kuifikia pua bila tabu. Aliweza hata kufanya kazi ya kushona pochi za ngozi.

Wangekuwa madaktari wa kuhesabu vipande, wangesema "sehemu ya kuonyesha imeharibika" na kufunga faili. Goldstein alikataa. Alisema ubongo ukijeruhiwa anayebadilika ni kiumbe mzima, na kiumbe mzima anajipanga upya ili aendelee kuishi. Mgonjwa anayepanga kabati lake kwa unadhifu wa kupitiliza, anayekataa kabisa kufanya jambo jipya, si mkaidi. Anajijengea dunia ndogo anayoweza kuimudu. Kile unachokiita dalili ndicho kinachomshikilia asianguke.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi tukikutana asubuhi tunaulizana "mzima?", tunajibu "mzima". Neno hilo hilo moja maana yake yu hai, yu na afya, hajakatwa, hajapungua. Goldstein aliandika kitabu kizima kuthibitisha kwamba maana hizo haziachani. Alikiandika akiwa mkimbizi Amsterdam, baada ya Wanazi kumkamata Berlin mwaka 1933 na kumwachia kwa sharti la kuondoka Ujerumani. Kikatoka 1934.

Na pale Frankfurt, mwaka 1926, daktari kijana aitwaye Fritz Perls alikuja kuwa msaidizi wa Goldstein. Mwenyewe alikuwa ametoka kwenye mahandaki ya vita ile ile, amevuta gesi ya sumu. Na pale pale akakutana na mwanafunzi wa Gelb na Goldstein aitwaye Lore Posner, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Laura Perls.

Nitaendelea. Maswali yanakaribishwa.

Kipepeo77 (#2)

Mkuu shusha vitu. Swali langu: nilikuwa nadhani Perls ni mtu wa Freud. Sasa naona ni mtu wa majeruhi. Tuelewe lipi?

Mnasihi_Kaskazini (#3)

Kipepeo, yote mawili, na ugomvi wa hayo mawili ndio uliozaa tiba yenyewe.

Fritz alizaliwa Berlin 1893. Ujanani alipenda jukwaa kuliko shule, akafanya mazoezi chini ya Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa wa tamthilia Berlin wakati ule. Shika hilo la jukwaa, litarudi. Baada ya vita akamaliza udaktari, akawa anakaa na wasanii na wanafalsafa wa Berlin, na huko akamkuta Salomo Friedlaender, aliyeandika mwaka 1918 kwamba kila kitu kina ncha mbili na kwamba mtu anaweza kusimama katikati, pale pasipo na upande, akaona ncha zote mbili. Fritz alimheshimu mpaka kufa. Ukiona tiba ya Gestalt inazungumzia "anayeamrisha" na "anayeamrishwa" ndani ya mtu mmoja, chimbuko lake ni huyo.

Uchambuzi wa nafsi, tiba aliyoianzisha daktari Sigmund Freud kule Vienna, aliupitia kwa mikono kadhaa. Alianza na Karen Horney, na wa mwisho, Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa Wilhelm Reich. Reich ndiye aliyemgeuza. Wengine walikuwa wanamlaza mgonjwa kwenye kochi na kusikiliza anachosema. Reich alikuwa anaangalia anavyosema: taya limekaza, pumzi imekatwa, tabasamu halitoki usoni hata anaposimulia msiba. Alisema mwili wenyewe umejivika deraya. Ukisikia mtaalamu wa Gestalt anamuuliza mteja "mkono wako unafanya nini sasa hivi?", hiyo ni Reich.

Na Freud mwenyewe? Mwaka 1936 Fritz alisafiri kutoka Afrika Kusini kwenda kwenye mkutano wa wachambuzi wa nafsi Marienbad, Czechoslovakia, akasoma andiko lake, likapokelewa kwa ubaridi. Akapita Vienna kumwona mzee, ambaye umri wake ulikuwa miaka 80. Kwa simulizi la Fritz mwenyewe, Freud alisimama mlangoni, akamuuliza anarudi lini kwao, wakabadilishana maneno ya dakika chache, mlango ukafungwa. Safari yote ile. Fritz alilibeba hilo mpaka uzeeni, alilikumbuka hata kwenye kitabu cha maisha yake cha 1969. Jambo lisilokwisha, lake mwenyewe.

MwalimuWaNasari (#4)

Ahsante ndugu yangu. Mimi niko Mombasa, nafunza watoto wadogo. Huyo Laura umemtaja mara moja kisha ukamwacha mlangoni kama Freud alivyomwacha mumewe. Yeye alifanya nini?

Mnasihi_Kaskazini (#5)

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Laura alizaliwa Pforzheim mwaka 1905. Alipiga piano tangu utoto, alicheza dansi, alijifunza mafunzo ya mwendo na mdundo ya Dalcroze. Chuo Kikuu cha Frankfurt aliisoma saikolojia ya Gestalt kwa kina kutoka kwa wenyewe, akapata udaktari wa falsafa chini ya Gelb. Alihudhuria mafundisho ya mwanafalsafa Martin Buber, yule wa "Mimi na Wewe", na ya mwanateolojia Paul Tillich. Fritz kwa upande wake alikiri waziwazi kwamba vitabu vya wanasaikolojia wa Gestalt hakuvisoma, alipitia maandiko machache tu. Kwa hiyo jiulize: neno Gestalt liliingia nyumba ile kwa mlango wa nani?

Mwaka 1933 Wanazi wakashika nchi. Wawili hawa ni Wayahudi, na walikuwa upande wa waliopinga ufashisti. Wakakimbilia Amsterdam, wakaishi kwenye chumba cha baridi chini ya paa na mtoto mdogo. Kwa msaada wa Ernest Jones, mchambuzi wa nafsi wa London, nafasi ikapatikana Johannesburg, wakafika 1934. Waliobaki nyuma hawakupona wote. Mama yake Fritz na dada yake waliangamia kwenye kambi za Wanazi.

Na Johannesburg ndipo Laura alipofanya kitu ambacho wewe mwalimu utakielewa haraka kuliko sisi wa vyuoni. Alimtazama mtoto akila. Alikuwa na mtoto wa kwanza, aliyezaliwa 1931, na wa pili akazaliwa 1935. Akawa anaandika jinsi mtoto anavyoachishwa ziwa, anavyoota meno, anavyokutana na chakula kigumu. Wakati ule wengi walimpondea mtoto kila kitu, alishwe haraka, ameze, iishe. Laura aliona kwamba mtoto akipewa nafasi anauma, anatafuna, anageuza ulimini, anatema asichokitaka, anameza anachokitaka. Kutafuna kunahitaji muda na kunahitaji ukali kidogo. Meno ni ya kuvunja.

Kutoka hapo likaja wazo lililotikisa mafundisho ya Freud. Freud aliona mtoto anameza sheria za wazazi nzima nzima na kwamba ndivyo utu unavyojengwa. Hawa wawili wakasema: kumeza bila kutafuna ndiyo maradhi yenyewe. Amri iliyomezwa haigeuki mwili, inakaa tumboni kama jiwe. "Mwanamume halii." "Mke mwema hasemi hapana." Mtu ana miaka hamsini na jiwe bado liko. Kazi ya tiba ni kulirudisha kinywani, alitafune, achague.

Hilo ndilo andiko Fritz alilokwenda nalo Marienbad. Baadaye likawa kitabu, *Ego, Hunger and Aggression*, kilichochapishwa Durban mwaka 1942. Sura mbili za mle, ya usingizi unaokataa kuja na ya mtoto anayeng'ang'ania chuchu ya bandia, zilitokana na kazi ya Laura. Mwanzoni kitabu kilimshukuru mke. Toleo la Marekani la 1969 likatoka bila shukrani hizo. Mimi hili linaniuma. Darasani kwetu jina lake halikutamkwa.

MwalimuWaNasari (#6)

Marahaba mwanangu. Nimeisoma hiyo ya kutafuna mara tatu. Nina mtoto darasani, ana miaka minne, kila ukimuuliza kitu anakwambia alichosema mamake, neno kwa neno, hata sauti ni ya mamake. Ukimuuliza "wewe wapenda?" anakutazama tu. Nilikuwa namsifu kwa adabu. Sasa nitamtazama upya.

Mtu_wa_Taveta (#7)

Mleta uzi, Afrika Kusini ya 1934 si mahali pa kupita hivi hivi. Walijifunza nini huko zaidi ya mtoto kula?

Mnasihi_Kaskazini (#8)

Mtu wa Taveta, jina lako tu limenigusa, maana jibu linapita kwenu.

Kuna Jan Smuts, jenerali na mwanasiasa wa Afrika Kusini. Februari 1916 alikuja huku kuongoza majeshi ya Uingereza dhidi ya Wajerumani wa Lettow-Vorbeck. Machi wakapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, hapo hapo kwenu, kisha wakaingia Moshi. Mwaka huo huo 1916, kijana Fritz Perls alikuwa kwenye mahandaki ya Ulaya amevaa sare ya Ujerumani. Yaani walikuwa maadui, kila mmoja kwenye bara lake.

Miaka kumi baadaye, 1926, Smuts akaandika kitabu cha falsafa, *Holism and Evolution*. Neno hilo la kwanza alilibuni yeye. Alidai kwamba maumbile yana tabia ya kujenga vitu vizima, na kwamba kitu kizima ni zaidi ya mjumuisho wa vipande vyake: chembe hai, mmea, mnyama, utu wa mtu. Fritz alipofika Johannesburg akakuta mawazo haya yanazungumzwa, na yakakaa vizuri juu ya yale ya Goldstein. Na 1942, akaingia jeshi la Afrika Kusini kama daktari wa akili, Smuts akiwa waziri mkuu.

Lakini nisiupake rangi. Huyo Smuts aliyeandika kuhusu ukamilifu wa ulimwengu alitetea utengano wa rangi nchini mwake. Mwafrika hakuwa na sehemu ndani ya "kitu kizima" chake. Akina Perls walikaa pale miaka kumi na zaidi, nyumba nzuri, wateja wazungu. Fritz aliondoka 1946, Laura akamfuata 1947. Mwaka 1948 waliojenga ubaguzi wa kisheria wakashika serikali. Ninapofundisha tiba hii nasema na hili pia. Nadharia ya mtu mzima ilipikwa kwa sehemu kwenye nchi iliyokuwa inawakata watu vipande, na walioipika sijaona popote walipolisema hilo kwa sauti.

Mtu_wa_Taveta (#9)

Nimenyamaza kidogo kabla ya kujibu. Makaburi ya wanajeshi wa vita ile yapo hapa mjini, yamepangwa mistari, nyasi zinakatwa. Ya wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo huyaoni. Kumbukumbu yao ni majina ya masoko: Kariakoo ya Dar, Kariokor ya Nairobi, yote ni jina la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa na ndimi zetu. Babu yangu mzaa babu alikuwa mmoja wao. Sikujua kama mtu aliyewaongoza alikuwa na kitabu cha falsafa kichwani. Endelea ndugu.

daktari_wa_zamu (#10)

Uzi mzuri, ila niweke pingamizi. Wanasaikolojia wa Gestalt wenyewe waliikataa tiba hii. Mary Henle, aliyekuwa mwanafunzi na mwenzao, aliandika 1978 kwamba Perls alichukua maneno tu, akayatoa kwenye maana yake, na kwamba hakuna uhusiano wa kweli kati ya saikolojia ya Gestalt na tiba ya Gestalt. Halafu hiyo ya Zeigarnik, waliorudia jaribio lake hawakupata matokeo yanayofanana kila mara. Tusijenge ghorofa juu ya mchanga.

Mnasihi_Kaskazini (#11)

Daktari, pingamizi zote mbili nazipokea. Ya Zeigarnik ni kweli, na mimi siitegemei kama ushahidi wa maabara. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyowapa lugha.

Ya Henle nimeisoma kwa uzito. Kama unapima kwa Wertheimer na Köhler, ana haki. Waliongelea kuona na kufikiri, na Fritz alichukua "umbo na usuli", ile habari kwamba kitu kimoja kinajitokeza mbele na vingine vinabaki nyuma, akakiweka kwenye njaa, hasira na huzuni. Kwamba haja iliyo kubwa zaidi sasa hivi ndiyo inayokuja mbele, ikitimizwa inarudi nyuma, inayofuata inakuja. Wao hawakusema hivyo. Lakini Henle hakumpa Goldstein uzito unaostahili. Mtu ukimweka katikati Goldstein na wagonjwa wake, na ukamweka Laura aliyesomea pale, undugu unaonekana. Ni wa upande wa mama.

Hata jina lilikuwa na ugomvi. Kitabu kikubwa cha tiba hii kilitoka New York mwaka 1951, kina majina matatu: Fritz Perls, Ralph Hefferline wa Chuo Kikuu cha Columbia, na Paul Goodman. Laura hakulitaka jina la Gestalt, kwa sababu aliwajua wenye nalo na alijua watasema nini. Fritz akalishikilia, likapita.

Goodman asipite kimya. Mzaliwa wa New York, mshairi, mwandishi, mpinzani wa dola na kila mamlaka inayomfinya mtu. Fritz alileta rasimu, Hefferline akatengeneza mazoezi aliyoyajaribu na wanafunzi wake, lakini sehemu ya nadharia, ile ngumu ambayo unasoma ukurasa mmoja kwa siku mbili, ni kalamu ya Goodman. Yeye ndiye aliyesema nafsi si kitu kilichofungiwa ndani ya kifua. Nafsi inatokea pale mpakani, mtu anapogusana na mwenziwe, na chakula, na kazi, na mji wake. Alimsoma sana mchambuzi wa nafsi Otto Rank, na kwa Rank akapata imani kwamba mtu anaunda maisha yake kama msanii anavyounda kazi. Mwaka 1952 taasisi ya tiba hii ya New York ikaanzishwa, na mikutano ya mwanzo ilikuwa sebuleni kwa akina Perls.

Kwa hiyo Daktari, mchanga upo, lakini chini yake kuna mwamba wa Frankfurt.

daktari_wa_zamu (#12)

Hoja ya Goldstein naikubali. Kwa kweli nina mgonjwa wa kiharusi wodini anayekataa chakula mpaka sahani iwekwe upande ule ule kila siku. Tumeandika "msumbufu" kwenye faili. Kesho nitalisoma faili lile tena.

Mwanafunzi_Jamii (#13)

Samahani wakubwa, shikamooni. Nina kazi ya darasani kuhusu kiti kitupu, natakiwa kukabidhi Ijumaa. Mmeniongoza vizuri ila kiti chenyewe bado sijakiona!

Mnasihi_Kaskazini (#14)

Marahaba mdogo wangu. Kiti hiki hapa.

Kilitoka kwa Jacob Moreno, daktari aliyeanzia Vienna na ukumbi wa maigizo ya papo kwa papo, akahamia Marekani mwaka 1925. Yeye ndiye mwanzilishi wa saikodrama: mtu haelezi ugomvi wake na baba, anauigiza, wenzake wanachukua nafasi za ndugu. Kiti kitupu kilikuwa moja ya zana zake. Fritz alihudhuria vikao vya Moreno New York. Na kumbuka yule kijana wa jukwaa la Reinhardt. Alichobadilisha ni kwamba aliwaondoa waigizaji wengine, mteja akacheza pande zote mwenyewe, anahama kiti hadi kiti. Hapo Friedlaender na ncha zake mbili wakapata mwili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Japani na kukaa kidogo na watu wa Zen, mkondo wa Ubudha ambao rafiki yake wa New York, Paul Weisz, alikuwa amekwisha kuuingiza kwenye kikundi chao. Kisha kuanzia 1964 akaweka makao kwenye kituo cha mafunzo cha Esalen, California, juu ya majabali ya pwani ya Big Sur. Vijana wa Marekani walikuwa wanatafuta kitu, naye alikuwa mzee wa miaka sabini, ndevu nyeupe, sauti ya kuvuta. Akawa anafanya kazi na mtu mmoja mbele ya umati, dakika kumi au ishirini, kiti cha mwenye shida na kiti kitupu. Filamu zikapigwa. Ile maarufu ya 1965, ambamo mteja mmoja anakutana kwa zamu na wataalamu watatu wa tiba, Carl Rogers, Fritz na Albert Ellis, ilionyeshwa vyuoni dunia nzima. Mwaka 1969 akahamia Lake Cowichan, Kanada, na Machi 1970 akafariki Chicago.

Kwa hiyo dunia ilikariri miaka sita ya mwisho ya mtu mmoja. Yale maonyesho ya Esalen ndiyo yaliyosafiri mpaka kwenye darasa letu, bila wagonjwa wa Goldstein, bila mtoto wa Laura, bila Goodman. Na kuna mabaya yaliyotokea kule ambayo Fritz mwenyewe aliyaandika bila kuficha, ikiwemo kulala na wanawake waliokuja kwake kwa tiba. Andika na hilo kwenye kazi yako.

Wakati huo wote Laura alikuwa New York anafundisha kikundi kile kile, mwaka baada ya mwaka. Neno lake kubwa lilikuwa tegemeo. Kabla hujamkutanisha mtu na jambo zito, tazama anategemea nini: miguu imekanyaga wapi, mgongo umeegemea nini, pumzi inafika wapi, nani yuko naye. Bila tegemeo, kumsukuma mtu kwenye mguso ni kumwangusha. Aliendelea kufundisha mpaka uzeeni na alifia Pforzheim, mji aliozaliwa, mwaka 1990.

Mwanafunzi_Jamii (#15)

Nimefuta nilichokuwa nimeandika. Naanza na wodi ya Frankfurt. Ubarikiwe.

MwalimuWaNasari (#16)

Na yule mama mliyesoma naye? Usituache na yeye ndani ya daladala.

Mnasihi_Kaskazini (#17)

Mwalimu, alirudi darasani, akamaliza, na baadaye sana alikuja ofisini kwangu akaomba tuongee. Aliyoyasema ni yake, sitayaleta hapa. Nitasema nililofanya mimi.

Siku ya kwanza alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, miguu haigusi sakafu vizuri kwa sababu kiti kilikuwa kirefu. Nikatoka nikaleta kile kifupi cha mapokezi, nikakiweka ukutani ili mgongo wake upate pa kuegemea. Kile kiti cha tatu kilichobaki tupu pembeni nikakitoa nje kabisa, nikafunga mlango. Nikamuuliza kama anaisikia sakafu chini ya nyayo zake. Akavua viatu. Tukakaa hivyo karibu robo saa, hakuna aliyesema neno, mpaka nikaona mabega yake yameshuka na ule mkoba ameuweka chini mwenyewe.